Kisu cha kuchunia porini: tafuta kifupi, chembamba, kinachonoleka

Kila mwaka Julai ikikaribia, msimu wa uwindaji unapofunguliwa, naanza kupata meseji za swali lile lile, mkuu nikanunue kisu gani. Wengine ni vijana wanaokwenda kuanza kazi ya uchunaji kambini, wengine ni watu wa mjini waliopata leseni na wanataka kuingia porini na vifaa vyao wenyewe, na wengine wala hawawindi kabisa, wana mbuzi wao wa Idi na wamechoka kuazima kisu kwa jirani. Mimi nimechuna miaka mingi kwenye mapori ya akiba hapa Tanzania, Rungwa na pia Selous enzi hizo kabla sehemu yake kubwa haijageuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na visu nimeviona vya kila namna, kwa hiyo nasema ninavyojua mimi.

Kwanza kabisa, acha habari ya kisu kikubwa. Mtu akisikia porini, akasikia nyati na pofu, akili inaenda kwenye lile lisu refu lenye meno mgongoni. Sasa hebu fikiria kazi yenyewe ilivyo. Mnyama akishaanguka kisu kinatakiwa kipasue ngozi ya tumbo bila kugusa utumbo, kizungushie njia ya haja kubwa, kikate kiwambo kile kinachotenganisha tumbo na kifua, halafu uingize mkono mpaka juu kooni ukate koromeo ndipo vya ndani vyote vitoke kwa pamoja. Hapo unafanya kazi mkono ukiwa umezama kifuani, huoni kitu, unapapasa tu, na kidole cha shahada kimelala juu ya mgongo wa kisu kinakuambia ncha iko wapi. Kisu kikimzidi kidole sana ndo hivyo hujui tena ncha imefika wapi, na mkono wako wa pili uko humo humo ndani umeshikilia koromeo. Vidole vingi nilivyoviona vimekatwa kambini vilikatwa hapo, kwenye koromeo, wala si kwenye kuchuna.

Kwa hiyo bapa la sentimita 10 hadi 12 linatosha. Linatosha kwa swala pala na linatosha kwa nyati pia, na hapa ndipo watu wanabisha sana. Nyati dume anaweza kupita kilo 700 lakini viungo vyake vinaachana kwenye maungio tu, ukijua pa kupitisha ncha unamtoa paja zima na hujagusa mfupa. Pa kupasua mfupa, yaani kidari na nyonga, tumia shoka dogo au msumeno, kisu hakihusiki hapo, na mtu anayepiga mgongo wa kisu kwa jiwe ili kipasue kidari anakiua kisu chake.

Unene nao. Wauzaji wanapenda kusifia bapa nene la milimita 5, eti halivunjiki. Kweli halivunjiki ila halikati, linapanua. Ukiingiza bapa nene kati ya ngozi na nyama linasukuma badala ya kupita. Milimita 2 na nusu mpaka 3 ni saizi yake, na ikizidi sana 3 na nusu kama wewe ni mtu wa kutumia nguvu.

Umbo ninalolipenda ni tumbo la kisu lililojikunja vizuri, yaani makali yanapanda kwa mviringo kuelekea mbele, na ncha iwe imeshuka kidogo kutoka mgongoni, isiwe imechongoka ikaangalia juu. Ule mviringo ndio unaochuna, unautelezesha na ngozi inaachia. Ncha iliyoshuka inakusaidia usichome utumbo wakati wa kupasua. Kuna visu vina kindoano mgongoni cha kupasulia tumbo, wageni wengi wanakuja navyo, vinafanya kazi safi siku ya kwanza, halafu kikishakuwa butu nani atakinoa pale ndani, mawe yetu hayaingii. Vidole viwili vinafanya kazi hiyo hiyo bure. Unatoboa kijitundu kidogo, unaingiza vidole viwili vya mkono wa kushoto kama herufi V, unainua ngozi ikae mbali na utumbo, kisu kinapita katikati ya vidole makali yakiwa yanaangalia juu, unasukuma mbele taratibu. Utumbo unabaki chini ya vidole hauguswi.

Na hiyo ya makali kuangalia juu ishike sana, maana ndiyo siri ya kisu kukaa na makali. Ngozi ikate kutokea ndani kwenda nje, siku zote. Manyoya yamejaa vumbi na mchanga, nyati na ngiri wanagaagaa kwenye matope mpaka yanakauka kwenye ngozi, na ukikata kutokea nje unakuwa unasugua makali kwenye mchanga. Nimeona kisu cha pesa nyingi kikawa butu kwa ngiri mmoja tu, kijana alianza kukata shingo kutokea juu ya manyoya. Halafu pale ngozi inapoachia yenyewe, ubavuni na mgongoni, weka kisu pembeni utumie ngumi, sukuma ngumi kati ya ngozi na nyama huku mkono mwingine unavuta ngozi. Inatoka haraka, haitobolewi, na kisu kinapumzika.

Sasa tuje kwenye chuma, hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapopoteza hela.

Kuna chuma cha kawaida kinachoshika kutu na kuna cha pua kisichoshika kutu kirahisi. Cha kawaida kinanoleka vizuri sana, wazee wengi wanakipenda na mimi siwapingi, lakini kambini kuna kitu kinaitwa chumvi. Ngozi ya trofii, yaani ile mwindaji anayotaka kuihifadhi kama kumbukumbu, ikishachunwa inasuguliwa chumvi nyingi ili isioze na isitoe manyoya, kwa hiyo chumvi iko kila mahali, mezani, mikononi, kwenye ndoo. Damu na chumvi vikikaa usiku mmoja kwenye chuma cha kawaida asubuhi unakuta madoa ya kutu yamekula mpaka kwenye makali. Kwa mchunaji wa kambini nasema nunua cha pua. Kwa mwenye mbuzi wake wa Idi nyumbani, anayeosha na kufuta palepale na kupaka mafuta kidogo ya kupikia, cha kawaida hakina shida yoyote.

Halafu ugumu. Visu vinapimwa ugumu kwa kipimo cha Rockwell, na vyenye 56 hadi 58 ndivyo ninavyovishauri. Kuna vyuma vigumu zaidi, 60 na kuendelea, kama kile kinachoitwa D2 chenye kaboni karibu asilimia 1.5, hivyo vinakaa na makali muda mrefu kweli, ila vikishaisha makali uko Rungwa huna sahani ya almasi, una kinoo cha dukani au jiwe la mtoni, utanoa mpaka mkono uchoke na kisu kinakuangalia tu. Mchunaji hahitaji kisu kisichoisha makali, hicho hakipo. Anahitaji kisu ambacho kikianza kuteleza anakipitisha kwenye kinoo mara chache kinarudi na anaendelea na kazi kabla nyama haijapata joto. Septemba na Oktoba jua la porini si la mchezo, mnyama asipotolewa matumbo mapema tumbo linajaa gesi na nyama ya paja inaanza kuharibika kutokea kwenye mfupa, kwa nje unaiona nzima kabisa.

Kwenye kunoa watu wanauliza pembe gani. Nyuzi 20 hivi kila upande. Kama huna kipimo, simamisha kisu wima kwenye kinoo, hiyo ni 90, kilaze nusu inakuwa 45, kilaze nusu tena, halafu punguza kidogo, uko hapo hapo. Noa upande mmoja mpaka ukipitisha kidole gumba upande wa pili, kutokea mgongoni kwenda nje kwenye makali, unahisi kaukingo kembamba kamejikunja. Usipokahisi hujafika, endelea. Kakishatokea urefu wote wa kisu geuza, noa upande wa pili, halafu malizia kwa kupapasa taratibu huku na huku mpaka kale kaukingo kaishe. Kuangalia kama kimekubali kiweke juani makali yakuangalie wewe, ukiona sehemu inang'aa kama uzi mweupe hapo pana butu. Makali halisi hayaonekani. Ukiwa kazini tembea na lile fimbo la chuma wanalotumia watu wa bucha, linanyoosha makali yaliyolala bila kula chuma.

Mpini. Hapa mimi sina huruma, mpini wa mbao uliong'arishwa au wa pembe ni mzuri wa kuweka kwenye picha. Mikono inakuwa na damu na mafuta, na pofu ana mafuta mengi kweli kweli, mpini unateleza na mkono unakwenda mbele kwenye makali. Nunua mpini wa plastiki ngumu au mpira wenye mikwaruzo, wenye kizuizi kidogo mbele cha kuzuia kidole kisiteleze, na rangi nyekundu au chungwa au njano, kwa sababu kisu cha mpini wa kahawia ukikiweka chini kwenye nyasi za Oktoba ndo umekipoteza. Dukani omba maji na sabuni, lowesha mkono, kamata mpini ubane kwa nguvu na uzungushe. Muuzaji akikushangaa mwache ashangae. Angalia pia pale chuma kinapoingia kwenye mpini, pakiwa na nafasi ya kuingia ukucha basi damu itaingia na itaozea humo.

Hiyo ndiyo sababu pia sitaki kisu cha kukunja kwa kazi hii. Lile ungio linajaa damu, mafuta na manyoya, huwezi kulisafisha likasafika ukiwa na ndoo moja ya maji.

Sasa majina, maana najua mtayataka tu. Kwa anayeanza, Morakniv Companion ya Sweden, ile ya chuma cha pua, bapa lake lina sentimita 10 na kidogo, jembamba, mpini una mpira, ala ni ya plastiki unaisuuza na maji. Bei yake ni ya chini na ndiyo ningempa mdogo wangu. Kwa anayechuna kila siku, visu vya kuchunia vya Victorinox, vile vya mabucha vilivyojikunja, vyepesi, unashinda navyo mchana kutwa mkono hauumi. Buck 119 ya Marekani ni kisu cha heshima, wageni wengi wanakuja nacho, ila bapa lina inchi 6, nishasema msimamo wangu kuhusu urefu. Vile vya mtandaoni vyenye michoro ya mawimbi kwenye bapa na ala ya ngozi ya urembo, bei ya kutupa, kaa navyo mbali, hujui chuma gani kiko mle.

Na wahunzi wetu msiwasahau. Springi za gari ni chuma kizuri cha kisu, muhunzi anayejua kazi anakutolea kisu cha kuchunia cha maana sana. Shida ni kwamba wengi wanaacha bapa nene kama la panga. Mwambie kabisa milimita 3, mwambie tumbo lijikunje hivi, mchoree kwenye karatasi, na umuulize anakizamisha kwenye nini kukipoza, akikwambia hakizamishi kinapoa chenyewe tafuta mwingine.

Kuna kitu hakihusu kununua ila lazima nikiseme. Kisu hakitoki kwenye ala mpaka umemwangalia mnyama. Ukikuta mzoga amekufa mwenyewe, damu inatoka puani au nyuma na haigandi, usimpasue hata kama anaonekana mnono, hiyo inaweza kuwa kimeta, na ukimfungua vijidudu vikipata hewa vinajijengea ganda na kukaa ardhini miaka na miaka. Ondoka, toa taarifa kwa askari wa wanyamapori. Na hata kwa mnyama uliyempiga mwenyewe akiwa mzima, vaa glavu, hasa ukiwa na mkwaruzo mkononi.

Kambini kuna hili pia la kuchinja. Waislamu ni wengi kwenye timu zetu na mtu anakimbia kuwahi kuchinja mnyama akiwa bado ana uhai, ni haki yake, lakini kama mgeni anataka kichwa na shingo kwa ajili ya trofii ule mkato unaweza kuharibu ngozi yote ya shingo. Muulizeni mwindaji bingwa, yule anayewaongoza wageni, kabla hamjatoka kambini asubuhi, mnyama yupi wa trofii na yupi wa nyama, msije kuanza kujadiliana mmeinama juu ya mnyama. Na kwa ngozi ya trofii, kuzunguka macho, midomo na kugeuza masikio, chukua kisu cha pili kidogo cha sentimita 6 au 7, chenye ncha nyembamba, kinoe kuliko hata kile kikubwa. Pale kwenye kope ukitoboa hakuna fundi atakayeficha.

Wenzetu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku 1977, haya yote yanafanya kazi kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, kisu ni kile kile. Mnaosafiri kwa ndege kisu kinaingia kwenye begi la chini, msije mkakiacha pale kwenye ukaguzi.

Ukimaliza kazi kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisu na ala vyote viwili, ukifute kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Msimu ukiisha usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, inashika unyevu na kukila polepole hata kama ni cha pua. Kipake mafuta, kizungushie kitambaa kikavu, kiweke juu watoto wasipofika.