Kuku anatetea vipi kwenye fidla?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuko wanne hapa Tabata, tunapiga vayolini za mtumba kwa kujifurahisha, hamna aliyesomea. Kila Jumamosi jioni kila mtu analeta wimbo mmoja wa kiasili anawafundisha wenzake, na mwezi huu tumekubaliana ziwe za wanyama au ndege tu. Mi nimechagua Cluck Old Hen, ule wa kuku wa Marekani, noti zote nazipata ila kuku mwenyewe simsikii. Nifanyeje? Na sisi huku hatuna nyimbo za hivyo?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana, watu wazima kukaa na kufundishana kwa sikio bila karatasi ndo njia hasa ya nyimbo hizi, zimeishi hivyo hivyo kabla hazijaandikwa popote.

Sasa kuku. Unamtafuta kwenye noti lakini yeye yuko kwenye mkono wako wa kushoto. Kwenye ile sehemu ya wimbo yenye sauti za juu wapigaji wengi wanadonoa uzi mwembamba kabisa kwa kidole cha mkono wa kushoto, uzi mtupu haujabanwa, upinde unapiga kidogo unasimama, kidole kinadonoa, upinde unarudi, na huo mkato ndo unaofanya usikie kuku anatetea ametoka kutaga. Wengi wanadonoa huku upinde bado unatembea kwa hiyo mlio unamezwa. Acha wimbo kwanza, chukua uzi mtupu peke yake, upinde, upinde, donoa, upinde, upinde, donoa, mpaka mtu wa chumba cha pili ajue ni kuku.

Alafu angalia tyuning, yaani kila uzi umekazwa kwenye sauti gani, ya kawaida ni G-D-A-E kuanzia uzi mnene. Wamarekani wengi huu wimbo wanaupigia A-E-A-E, yaani zile nyuzi mbili nene za G na D wanazipandisha kidogo ili nyuzi zote ziitikiane. Kwa vayolini ya mtumba yenye nyuzi za zamani mi naogopa kukaza, zinakatika. Ila wapiga fidla wa Kiarabu wana yao ya G-D-G-D, wanashusha zile mbili nyembamba, A iwe G na E iwe D, na ukiangalia vizuri ni mpangilio ule ule, umeshuka tu hatua moja! Kwa hiyo shusheni wote wanne, vidole vinabaki pale pale, nyuzi zinapumzika, na kuku anapata sauti nzito kidogo ambayo binafsi naipenda zaidi.

Anayependa ndege mpeni Listen to the Mockingbird, ulichapishwa Marekani 1855, wapiga fidla wanatelezesha kidole juu kabisa ya uzi mwembamba kuigiza milio ya ndege.

Na zetu zipo jamani! Maua Mazuri Yapendeza tumeimba wote chekechea, kuna nyuki mle ndani analia zum zum, na fidla ilivyo kwa kuvuma sijui kwanini watu hawaipigi. Acha uzi wa D uvume mtupu, kwenye uzi wa G weka kidole cha nne sehemu inayotoa D hiyo hiyo alafu kirudishe nyuma kidogo sana, sauti mbili zitaanza kugombana na hapo nyuki anatokea mwenyewe. Huu pigeni kwa tyuning ya kawaida.

SWALI: Mwalimu, masika haya funguo za vayolini yangu zimenata hazizunguki, nitie mafuta?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana, mafuta usiguse kabisa, funguo zitateleza na hazitashika tena. Mbao inanyonya unyevu inavimba, ndo maana zinabana. Legeza uzi taratibu, chomoa funguo moja moja (zote kwa pamoja usitoe, kile kidaraja kinachobeba nyuzi kitaanguka), paka risasi ya penseli pale inapokutana na tundu, rudisha.