Tezi isomwe kwanza, dawa baadaye

Nilimeza dawa za TB miezi minne na sikuwa na TB; nilikuwa na ugonjwa wa Castleman, unaovimbisha tezi za limfu. Kila asubuhi mkojo rangi ya machungwa, mama mkwe kanitengea kikombe changu peke yangu, na uvimbe kando ya kitovu umekaa pale pale, mgumu kama embe bichi.

Daktari wa kwanza simlaumu sana. Huku Busia tezi zikivimba, TB ndiyo inayofikiriwa mwanzo, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Ila nyama ya tezi yenyewe hakuna aliyeitazama. Walinichoma sindano nyembamba, jibu likarudi halina kitu. Sindano ile huchota chembe tu, na ugonjwa wangu hutambulika kwa jinsi tezi ilivyojipanga ndani. Omba wakate kipande cha kutosha, au watoe tezi nzima. (Dawa za TB usiziache kwa uamuzi wako. Mimi niliachishwa na daktari.)

Kampala, picha ya CT ilionyesha tezi moja tu, sentimita sita, kwenye utando unaoshikilia utumbo. Daktari wa upasuaji akasema tuitoe yote. Kwanza akarudia kipimo cha VVU, kwa sababu kuna aina ya ugonjwa huu inayoshika tezi nyingi, ambayo mara nyingi huenda na VVU na kirusi kile kinacholeta saratani ya Kaposi. Hiyo hutibiwa kwa dawa, si kisu. Akataka pia damu iwe tayari: tezi hizi zimejaa mishipa, zikiguswa vibaya zinamwaga. Kaka zangu wawili wakaenda kujitolea.

Nilipokuwa bado kwenye nusu kaputi, kaka mkubwa alikuwa juu ya boda na tezi yangu, chupa ya formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ndani ya kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki, anaipeleka maabara ya patholojia, wanakosoma nyama kwa hadubini. Hilo lifanyeni kwa makini. Jina liandikwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana. Na formalini iifunike tezi yote, la sivyo inaoza njiani.

Jibu: ugonjwa wa Castleman, jina la daktari wa Boston aliyeueleza miaka ya 1950. Ukiwa wa tezi moja na ikatoka yote, wengi hupona. Dawa nyingine sikupewa, ila narudi kupimwa.

Ripoti nimeiweka pamoja na hati ya kibanja. Nikienda kliniki, hata kwa malaria, naitoa kwanza.