"Mimi sijaolewa, daktari"

Swali la utafiti wetu wa afya ya uzazi kwa vijana lilikuwa limepita kamati ya maadili na kupigwa chapa: "Umewahi kushiriki tendo la ndoa?" Msichana wa miaka 16, pale Kisauni, Mombasa, akanitazama kama niliyeuliza upuuzi. "Mimi sijaolewa, daktari." Nikatia alama kwenye "La". Jioni tukipitia hojaji, tukakuta wasichana wanne waliojibu "La" hapo, kisha kurasa mbili mbele wakasema wanachoma sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi.

Hawakudanganya. Waliulizwa habari za ndoa, wakajibu za ndoa. Tukabadilisha tukaandika "kulala na mtu", na mtoto wa miaka 12 akasema ndiyo, hulala na nyanya yake.

Sasa nafundisha madaktari wanaotaka kufanya utafiti wa afya ya uzazi kwa vijana, na kila kundi huja likiulizia ukubwa wa sampuli. Hayo utajifunza wiki moja ukiwa na mtakwimu mvumilivu. Kazi ni maneno. Kabla hujaenda nyanjani, keti na vijana wasiokuwamo katika utafiti wako, uwasomee kila swali, kisha uwaulize, "Wewe hapa umesikia nini?" Wa kike kando, wa kiume kando. Na usidhani kundi ni moja: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, balehe ni miaka 10 hadi 19, lakini binti wa miaka 11 wa Mji wa Kale na kijana wa 18 wa Changamwe mwenye Sheng yake hawana msamiati mmoja hata kidogo.

Koti jeupe liache garini. Mtoto akishakuamkia shikamoo nawe ukaitika marahaba, umekuwa mzazi, na mzazi hujibiwa anachotaka kusikia. Huwezi kuikataa shikamoo, ni utovu wa adabu, lakini unaweza kuketi mkekani na kuzungumzia mpira kwanza. Halafu kuna ule ugonjwa wetu wa kuhubiri. Binti akisema alimeza P2, tembe ya dharura ya kuzuia mimba, mara tatu mwezi huu, daktari anaacha kalamu anaanza hotuba. Andika, maliza hojaji, ndipo umshauri.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilihusu siri. Nilimwambia binti mmoja, "Haya yatabaki kati yetu." Alichonieleza baadaye hakikuweza kubaki kati yetu. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimtambui aliye chini ya miaka 18 kuwa ameridhia, na hapo alikuwapo mtu mzima aliyekuwa akimuumiza. Ilinibidi nimvunjie ahadi, na uso wake siusahau. Siku hizi husema kabla ya swali la kwanza: "Ukinieleza kuwa unaumizwa, nitamhusisha mtu wa kukusaidia." Na mtu huyo awe anajulikana mapema, anayeshika simu hata Jumamosi usiku, kwa sababu dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa lazima zianzwe ndani ya saa 72.

Wazazi nao. Mzazi hutia sahihi, lakini mtoto naye huulizwa, na akikataa basi. Mama mmoja wa Likoni alitia sahihi, kesho yake akarudi: "Haya, amesemaje?" Mwambie kabla hajashika kalamu kwamba majibu hatapewa. Wengine watamwondoa mtoto, waache. Wasichana walioolewa au wenye watoto wao, swali la nani awape ridhaa lipeleke kwa kamati mapema, usiende kulitatua mlangoni pa mtu.

Safari iliyopita nilimwalika somo, bibi aliyewafunda wari wengi wakivunja ungo. Madaktari wote walisimama kumwamkia. Akawaomba wataje viungo vya mwanamke kwa Kiswahili, kwa sauti, mmoja mmoja. Kimya. Mmoja akataja neno la Kilatini. Bibi akamgeukia taratibu: "Hilo la kitabu, mwanangu. Mjukuu wangu utamwambiaje?"

Ratiba ilisema saa tatu tuanze sampuli. Tuliifikia saa nane, na bibi alikuwa bado hajamaliza.