Anzeni na maji ya kunywa

Mwinjilisti, umeuliza usharika uanzie wapi kupunguza taka. Mimi ningeanza na chupa za maji. Siku ya kipaimara pale kwetu nilibaki kufagia uwanja: chupa nyingi zilikuwa zimenywewa nusu tu, zimelala chini ya viti, na jioni zote zilichomwa nyuma ya kanisa, moshi ukiwaingia majirani.

Sasa tuna ndoo tatu za koki na vikombe vya chuma vya usharika. Sahani tulichangishana, jumuiya moja moja inaosha kwa zamu. Zamu ndiyo kazi ngumu, msiidharau. Bila orodha ya majina ukutani, mtarudi kwenye sahani za kutupa ndani ya mwezi. Maganda ya ndizi na mabaki yanaingia shimo la mboji, yanalisha bustani ya mchicha.

Mkitaka pia kupanda miti, tazameni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) Dayosisi ya Kaskazini kule Kilimanjaro, ambako Askofu Fredrick Shoo alihimiza sana upandaji miti. Ila mgaweni kila mwanakipaimara mche wake na aumwagilie kiangazi chote. Mche usio na mwenyewe hukauka.