Makanga kila mmoja na mfuko wake: kwenu mnaoanza kusoma keneli

Nyinyi mnaoanza kusoma keneli ya Linux (kiini cha mfumo-endeshi) hapa Nairobi, kuna kosa ambalo naletewa kila muhula. Mwanafunzi ana kihesabu cha baiti 8, kila prosesa na nakala yake, naye anadai anwani yake igawike kwa 64. Ukimuuliza kwa nini, anasema anaogopa prosesa mbili zisigombee mstari mmoja wa kashe, yaani kipande cha baiti 64 ambacho prosesa hukisoma kwa mkupuo kwenye kumbukumbu yake ya haraka.

Hofu hiyo ni ya kweli, ila si hapa. Fikirieni matatu za Rongai. Makanga wawili wakitia nauli kwenye mfuko mmoja, watasubiriana kutwa nzima. Kwa hiyo kila mmoja hushika mfuko wake ndani ya gari lake, na mwenye magari hujumlisha jioni. Kigawa-kumbukumbu cha nakala hizo za kila prosesa, alichokiandika Tejun Heo na kilichoingia Linux mwaka 2009, hufanya vivyo hivyo: kila prosesa ina eneo lake lisilopungua kilobaiti 32, na nakala yako hukaa umbali ule ule kutoka mwanzo wa kila eneo. Magari yameshatengana. Vihesabu vya baiti 8 vinavyodai 64 vikifuatana, kati yao kuna pengo la baiti 56, na pengo hilo hurudiwa kwa kila prosesa. Zikiwa prosesa 128, ni baiti 7,168 zimekaa bure.

Lakini msije mkadhani anwani haina maana. Niliwahi kuandika muundo wa maneno mawili ya baiti 8, nikaomba mgawiko wa 8, yaani anwani igawike kwa 8. Mashine ikiwaka leo inafanya kazi, kesho inaanguka. Nilihangaika siku tatu. Agizo la x86 (prosesa za aina ya Intel na AMD) linalolinganisha na kubadilisha baiti 16 kwa mpigo hukataa anwani isiyogawika kwa 16, na mimi nilikuwa nikiipata kwa bahati tu. Someni jinsi SLUB, kigawa-kumbukumbu kingine cha keneli, inavyoomba kumbukumbu yake ya kila prosesa katika matoleo ya Linux 6: inataja waziwazi mgawiko wa maneno mawili, kwa sababu hiyo hiyo.

Nambari ya mgawiko mnayoomba iwe kipeo cha 2 (1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea), isizidi ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu. Ikizidi, mtapewa onyo na kielekezi tupu (NULL), yaani hamkupata kumbukumbu. Na nikiipitia kazi yako, nitauliza kwanza: ni agizo lipi linaloidai nambari hii? Liandike kwenye maelezo ya msimbo, mstari wa juu ya nambari hiyo.