Unakwenda kusoma nje? Kwanza safiri na wazazi kwa gari

Ikifika Agosti sikosi kupigiwa simu na kijana aliyepata nafasi ya kusoma Uingereza, na swali ni lilelile: nibebe nini? Jaketi utalinunua hukohuko, kwenye maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, kwa bei ndogo. Mimi huwa nauliza: kwenu umeshaenda kuaga? Namaanisha kwenda kwa gari, na wazazi wako, siyo kupiga simu ya video.

Kwetu ni Tukuyu, mkoani Mbeya, ila makazi yetu ni Dar es Salaam. Ndege ipo hadi Songwe, na mabasi ya Mbeya yako kila asubuhi. Nashauri gari la nyumbani, hata kama ni kakongwe, mradi limefanyiwa sevisi na lina pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, maana trafiki wataviulizia. Ni barabara ya kilomita kama 800 kabla hujakunja kushoto pale Uyole, na urefu huo ndio faida yenyewe.

Muda mzuri ni mara tu baada ya kuwasilisha maombi ya viza. Pasipoti inaweza kubaki kwao, majibu kwa kawaida huchukua wiki kama 3, na ukikaa nyumbani utafungua barua pepe usiku kucha bure. Kwa safari ya ndani kitambulisho cha NIDA kinakutosha. Lakini kabla ya hapo kuna hesabu ya kuangalia. Kwa anayejilipia, Uingereza inataka fedha zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Zikipungua hata kwa siku moja, unaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo ombeni viza kwanza, safari ifuate, na mafuta yasitoke akaunti hiyo. Kama akaunti ni ya mzazi na siku hazijatimia, kaa naye mapema. Mzazi akifika kijijini akakuta kuna msiba au bati la bibi linavuja, mkono unakwenda kwenye simu kabla hajakumbuka habari za viza.

Ukishaingia garini, kaa mbele na anayeendesha. Huu ndio ushauri wangu mkubwa, mengine yote ni nyongeza. Baba yangu nyumbani ni mtu wa taarifa ya habari na kulala. Ukimkalisha sebuleni umuulize mambo ya fedha, atakohoa na kuuliza chakula kiko wapi. Barabarani macho yake yako mbele, na wewe macho yako mbele, basi maneno yanapata njia. Tulipita Mikumi taratibu, twiga wakiwa pembeni, akaanza kunisimulia alivyokuja Dar mara ya kwanza amekaa juu ya magunia ya viazi. Sikuwahi kuisikia. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Halafu tukaingia mlima Kitonga, tukanasa nyuma ya lori la kontena linalopanda kama linaomba ruhusa. Hapo hakuna kuovateki, labda uwe umechoka kuishi. Baba akazima redio. Akasema, bila kunigeukia, “Ada ya mdogo wako usijitese nayo. Hiyo yangu. Wewe soma.” Mimi nilikuwa nimeibeba ada hiyo kichwani miezi mizima, nikipanga ningefanya vibarua vingapi. Lori likapata nafasi ya kutupisha, akawasha redio tena.

Laleni Iringa. Msishindane na mabasi, na usiku barabara ile ina malori yaliyoharibika yamewekewa matawi tu nyuma. Mdogo wangu alikuwa bweni hukohuko Iringa, na Agosti shule hazijafungwa, kwa hiyo mwandikieni mkuu wa shule mapema kuomba kumwona. Alikula kuku wa mama amesimama pembeni ya gari, mlango wazi, mafuta yanamchuruzika mkononi, na swali lake la kwanza lilikuwa kama lile shati langu la bluu litabaki. Nikamwachia.

Tukuyu penyewe sitasema mengi, kila mtu anakujua kwao. Agosti ni baridi na ukungu, bebeni masweta. Mkisafiri karibu na Nane Nane, Uyole inajaa watu wa maonyesho, mtakaa foleni. Bibi atafunga mzigo, na hapo umweleze kwa heshima kwamba nyama na maziwa Uingereza hawaruhusu uingie navyo. Majani ya chai ya Rungwe hayana shida. Kutakuwa na orodha ya simu na viatu kutoka kwa mabinamu. Usijibu wewe. Mwache mama. Wa kwangu alisema, “Mwenzenu anakwenda kusoma, haendi dukani,” na mjadala ukafa.

Kurudi, hamia nyuma, ukae na mama. Wazazi wetu wana tabia moja wakishakuwa na mtoto ng'ambo: wanaficha ugonjwa. Utasikia “sisi wazima kabisa” kutoka kwa mtu aliyelazwa, eti usije ukaacha mtihani. Nilimuuliza wazi, kati ya Makambako na Mafinga, anatumia dawa gani za presha na anahudhuria kliniki wapi. Alikasirika kidogo, akaangalia misonobari dirishani, kisha akafungua mkoba akanionyesha vidonge, nikavipiga picha. Nikamuuliza la pili: likitokea jambo, nani atanipigia? Si yeye, wala si baba, maana wote wawili wangenidanganya kwa upendo. Tulibishana hadi tukaikaribia Iringa, baba naye akichangia kutoka kwenye usukani. Tukakubaliana awe shangazi, kwa sababu hana siri. Tukampigia palepale, akakubali, na akataka ajue tofauti ya saa ili asiniamshe usiku. Nikamwambia saa 2 au 3 kutegemea majira, na kwamba kwa jambo la namna hiyo aniamshe tu.