Kabla Hujalipia Lile Koti

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza swali la kifundi, nami nitakujibu kama fundi kwanza, kisha kama baba. Unasema hapo Leeds wenzako wananunua nguo kwenye maduka ya mitindo ya katikati ya mji, kwamba kuna koti la pauni 120 limekukaa moyoni, na unataka kujua kama bei hiyo ni ya ubora au ya jina. Mimi naona sehemu kubwa ya bei hiyo hailipii nguo yenyewe. Lakini usilitupe duka zima, maana kwenye chuma kimoja cha kutundikia hukosi nguo inayostahili pesa yake katikati ya zisizostahili.

Nasema hivi kwa sababu nguo za huko huishia mezani kwangu. Belo la mitumba likifunguliwa sokoni watu huchagua, kisha wananiletea nipunguze kiuno, nifupishe mikono, nibadilishe zipu. Aliyezinunua Uingereza aliziona kwa nje, zikiwa mpya. Mimi naziona kwa ndani, zimeshavaliwa na kufuliwa. Lebo ya duka la bei ya chini na lebo ya duka linalouza mara tatu yake hulala pamoja kwenye belo moja, na nikifumua mshono mara nyingi sioni tofauti. Ovaloki, ule mshono unaozuia kingo za kitambaa zisifumuke, ni ile ile. Kitambaa cha akiba kimeachwa chembamba kiasi kwamba mtu akinenepa kidogo siwezi kumwachia hata nusu inchi. Pindo limeshikwa na uzi mmoja ambao ukivutwa unakuja wote. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeamriwa kuokoa kitambaa na muda.

Pesa inakwenda wapi, basi? Kwenye pauni 120, pauni 20 ni kodi ya ongezeko la thamani, kwa sababu huko wanatoza asilimia 20. Halafu kuna pango la duka, mishahara ya wauzaji, matangazo, na hasara ya nguo zilizokosa mnunuzi mpaka zikashushwa bei. Na kuna haraka. Zara, iliyoanzia A Coruña, Uhispania, mwaka 1975, ilijijengea jina kwa kupeleka nguo mpya madukani mara mbili kwa wiki. Siidharau kazi hiyo. Wabunifu wa maduka haya wanajua kukata. Nikikuta blauzi ambayo bega lake limekaa sawasawa, huwa nalichora kwenye karatasi nijifunze. Ila ukilipia upya wa mtindo umelipia kitu kitakachoisha kabla ya kitambaa.

Usidhani pia kwamba bei kubwa ilimfikia aliyeshona. Hili linaniuma kuliko yote. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, nje ya Dhaka, Bangladesh, liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji, wengi wao wanawake vijana kama wewe. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na bado waliamriwa kurudi kazini. Miongoni mwa kampuni zilizowahi kushonewa nguo humo zilikuwemo Primark, inayouza rahisi, na Benetton, inayouza ghali zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia duka la ghali ndilo lenye utu, mwombe akuonyeshe nguo ilishonwa wapi na mshonaji alilipwa nini.

Sasa koti lako. Kwenye picha ya lebo uliyonitumia nimesoma poliesta asilimia 62, akriliki 20, sufu 18. Hilo si koti la sufu, mwanangu. Akriliki huota vipele mapema, hasa kwapani na pale mkoba unaposugua, na poliesta ni plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli. Kwa pauni 40 ningekwambia chukua. Kwa 120, hapana.

Tafuta lenye sufu asilimia 70 kwenda juu, hata likizidi bei hiyo kidogo, maana baridi ya huko siyo hii yetu ya mwezi wa saba ambayo sweta linatosha. Kabla hujalipa, ligeuze ndani nje. Bitana, yaani kitambaa cha ndani, iwe na mkunjo ulioachiwa katikati ya mgongo. Usipokuwepo, ukinyoosha mikono itachanika kwapani, na bitana nyingi ninazoletewa zimechanikia hapo. Shika mshono wa bega kwa vidole, vuta pande mbili: ukiona mwanga unapita katikati ya nyuzi, lirudishe. Kama kitambaa ni cha drafti, tazama kama mistari inakutana mfukoni na ubavuni. Kisha kifungo cha akiba, na zipu ipande na kushuka bila kukwama.

Ukiweza kungoja, ngoja. Baada ya Krismasi maduka ya huko hushusha bei za makoti wakati baridi yenyewe bado ipo. Na kabla ya hapo, pita kwenye maduka ya hisani kama ya Oxfam, yanayouza nguo zilizotolewa na watu kwa ajili ya misaada. Nguo nyingi zinazokosa mnunuzi kwenye maduka ya namna hiyo huuzwa kwa kilo, zikafungwa mabelo na kusafirishwa mpaka huku kwetu. Sisi tunachagua mwishoni, mwanangu. Wewe uko pale mwanzo wa safari ya nguo hizo. Makoti mazuri ya sufu niliyoyashika mimi yalikuwa ya zamani, yenye mshono wa kufa na kuzikana.

Fulana za pamba nunua popote zilipo rahisi. Magauni ya sherehe usinunue kabisa, nitumie vipimo nikushonee.

Kama baba nakwambia hivi: sitaki ujisikie mnyonge mbele ya wenzako. Kuvaa vizuri ni haki yako na napenda kukuona umependeza. Ila mama yako, anayekusalimu sana, amesikia kwamba unaruka chakula cha mchana ili utimize hizo pauni 120, na amekasirika. Mimi pia. Kula kwanza.

Ukiliona koti lingine, nipigie picha ya lebo na ya bitana kabla hujafika kwa mlipishaji.

Baba yako,
Tabora